Spoki ya Kwanza Kukatika: Jinsi ya Kuyalinda Magurudumu ya Baiskeli

Kabla jua halijachomoza, barabara inayotoka Miritini kupitia Magongo hadi Changamwe huwa tayari ina baiskeli. Kuna wanaowahi zamu ya asubuhi viwandani na bandarini. Kuna wachuuzi wa mkate na maziwa wanaopita nyumba kwa nyumba Chaani na Migadini. Kuna muuza madafu aliyefunga mzigo wake tangu usiku, na kuna mnoa visu ambaye baiskeli yake ni chombo cha safari na karakana kwa pamoja: akifika kwa mteja huisimamisha kwa stendi, hukanyaga pedeli, na jiwe la kunolea huzunguka. Ubavuni mwao hupita malori ya makontena yanayoingia na kutoka bandari ya Kilindini. Nafasi inayobaki kati ya lori na ukingo wa lami mara nyingi ni ndogo, na mwenye baiskeli huipita kwa kuomba Mungu.

Katika nafasi hiyo finyu, gurudumu likijikunja ghafla hakuna pa kuangukia. Ajali ya namna hiyo huonekana kama bahati mbaya ya dakika moja. Lakini fundi akilishika gurudumu lililovunjika, mara nyingi hukuta kutu ya zamani kwenye sehemu ya mvunjiko, spoki mbili tatu ambazo hazipo kabisa, na breki iliyolegezwa makusudi ili rimu iliyopinda ipate kupita. Gurudumu lilikuwa likiomba msaada kwa wiki kadhaa.

Makala haya yanaeleza kwa nini spoki hukatika, dalili za mapema ni zipi, na mwenye baiskeli anaweza kufanya nini mwenyewe kabla ya kwenda kwa fundi.

Kitanda cha kamba

Spoki ni zile nyaya za chuma zinazounganisha habu, yaani kitovu cha gurudumu, na rimu inayobeba tairi. Wengi hudhani kwamba spoki ni nguzo, na kwamba mzigo husimama juu ya zile zilizo chini. Lakini spoki ya kawaida ina unene wa kama milimita 2 tu. Mtu akiitoa na kuisukuma kwa ncha mbili, hupinda mara moja. Nguvu yake iko katika kuvutwa.

Aliyewahi kulala kwenye kitanda cha kamba ataelewa upesi. Kamba moja peke yake haiwezi kumbeba mtu mzima. Kitanda hubeba kwa sababu kamba zote zimekazwa na zinagawana uzito. Kamba moja ikilegea, zilizo jirani nayo huanza kuvutwa kupita kiasi, kitanda huingia shimo upande huo, na haichukui muda nyingine inakatika. Gurudumu ni hivyo hivyo. Fundi anapolisuka, hukaza kila spoki hadi rimu inavutwa sawasawa kutoka pande zote, kushoto na kulia. Uimara wa gurudumu zima unatokana na usawa huo, na ndiyo sababu chuma chembamba kiasi kile kinaweza kubeba mtu na magunia yake.

Spoki za gurudumu la nyuma hupishana badala ya kutoka kwenye habu moja kwa moja kama miale ya jua. Mpangilio huo ulianzishwa na James Starley wa mji wa Coventry, Uingereza, mwaka 1874, na haujapata wa kuushinda katika baiskeli za kazi. Mwendeshaji anapokanyaga pedeli, cheni huivuta habu izunguke, na spoki zilizolala kwa mshazari ndizo zinazoipeleka nguvu hiyo hadi kwenye rimu. Gurudumu la nyuma basi lina kazi mbili, kubeba na kusukuma. Ndilo pia linalopata sehemu kubwa ya uzito wa mwendeshaji na karibu mzigo wote wa keria. Haishangazi kwamba spoki nyingi hukatika nyuma. Watengenezaji wa baiskeli za kizamani za Kiingereza, zile nyeusi ambazo Wakenya walizipa jina la Black Mamba, walilijua jambo hilo: mbele waliweka spoki 32, nyuma 40.

Sasa hesabu kidogo. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja, baiskeli husogea kama mita 2.2. Katika kilomita moja huzunguka karibu mara 450. Mchuuzi anayeendesha kilomita 20 kwa siku, kwenda na kurudi, amelizungusha gurudumu lake mara 9,000. Katika kila mzunguko, kila spoki ikifika chini hulegea kidogo kwa sababu ya uzito, kisha ikipanda hukazika tena. Chuma huchoka kwa kulegezwa na kukazwa, kama waya unavyokatika ukiukunja na kuukunjua kwa mkono. Mara nyingi spoki hukatika pale inapojikunja kuingia kwenye tundu la habu, au kwenye mizingo ya skrubu karibu na rimu.

Kuna jambo moja ambalo huwashangaza wengi. Spoki iliyolegea haipumziki. Ndiyo inayochoka haraka, kwa kuwa hucheza zaidi ndani ya tundu lake kila inaposhuka chini. Gurudumu lenye spoki zilizolegea linaweza kuonekana zima kabisa hadi siku linapoanza kuzikata moja baada ya nyingine.

Siku spoki ya kwanza inapokatika

Mlio wenyewe ni mdogo, "ting!", na barabarani huzama katika honi za matatu. Mwendeshaji huhisi tu kwamba baiskeli imeanza kuyumba kidogo na breki inagusa rimu kila mzunguko. Kinachotokea ni hiki: spoki iliyokatika ilikuwa ikiivuta rimu upande mmoja. Ikitoka, spoki jirani zinazovuta upande wa pili hushinda, na rimu huhama kuelekea kwao. Wakati huo huo, spoki zilizobaki upande ule wa kwanza hubeba mzigo wa mwenzao.

Hapa ndipo kosa kubwa hufanywa. Mwenye baiskeli ana safari ya kumaliza na wateja wanaomsubiri, kwa hiyo hulegeza breki ili gurudumu lizunguke bila kukwaruza, kisha huendelea. Kesho anaendelea. Baada ya siku chache spoki ya pili inakatika, karibu kila mara ikiwa jirani ya ile ya kwanza. Sasa baiskeli ina gurudumu dhaifu na breki isiyokamata, na mteremko wa kutoka Changamwe kwenda Kibarani unamsubiri palepale, na malori nyuma yake.

Spoki moja ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo zaidi katika duka la baiskeli. Rimu mpya, na seti nzima ya spoki, na ujira wa fundi wa kusuka gurudumu upya, ni hesabu nyingine. Kwa anayeishi kwa mapato ya kila siku, hiyo ni mapato ya siku kadhaa, na juu yake kuna siku ambazo baiskeli imelala kwa fundi bila kuingiza chochote. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ukuta wenyewe hujengwa kwa mkopo.

Spoki ikikatika njiani, hatua ya kwanza ni kushuka. Kipande kinachoning'inia kitolewe, au kizungushwe kwenye spoki jirani na kufungwa, ili kisije kikaingia kwenye cheni au kwenye foki na kulifunga gurudumu ghafla. Mzigo upunguzwe ikiwezekana. Kama gurudumu bado linazunguka bila kugusa fremu, baiskeli isukumwe kwa miguu hadi kwa fundi aliye karibu. Kuipanda ikiwa na mzigo ule ule ni kuiombea spoki ya pili.

Ukaguzi wa dakika kumi

Hauhitaji vifaa. Baiskeli hugeuzwa, kiti na usukani vikakaa chini, magurudumu yakabaki juu. Ijumaa jioni au Jumapili asubuhi inatosha, mara moja kwa wiki kwa baiskeli ya kazi.

Kwanza ni masikio. Spoki hupigwa taratibu moja baada ya nyingine kwa kijiti au kwa ukucha, kama mtu anayejaribu nyuzi za udi. Spoki iliyokazwa hutoa sauti kali. Iliyolegea hutoa sauti nzito iliyokufa, na iliyokatika ndani ya tundu haina sauti kabisa ila hutikisika. Ulinganisho ufanywe kwa spoki za upande mmoja, kwa sababu katika gurudumu la nyuma upande wenye friwili mara nyingi hukazwa zaidi ya upande wa pili. Baada ya wiki mbili tatu, mwenye baiskeli huijua sauti ya gurudumu lake kama anavyoujua mlio wa mlango wake.

Pili ni macho. Gurudumu lizungushwe polepole huku kidole gumba kikishikiliwa kwenye fremu, ncha yake ikiwa karibu na rimu bila kuigusa. Nafasi kati ya kidole na rimu ikibaki ileile mzunguko mzima, gurudumu limenyooka. Ikipungua na kuongezeka, rimu imehama. Kuhama kwa milimita moja au mbili hakuzuii safari, lakini kukiongezeka wiki hadi wiki, kuna spoki inayolegea mahali fulani. Rimu yenyewe pia iangaliwe pale spoki zinapoingia: ufa mwembamba kama unywele kuzunguka tundu ni dalili kwamba rimu imefika mwisho, na hakuna kukaza kutakakoiponya.

Tatu ni mkono. Tairi lishikwe juu na kutikiswa kushoto na kulia. Likicheza kwa mlio wa "kokoko", tatizo haliko kwenye spoki. Koni za habu zimelegea, au gololi zimekwisha. Wapo waliobadilisha spoki tatu nne bila kupona kwa sababu habu ndiyo iliyokuwa ikiyumba.

Anayetaka kukaza spoki mwenyewe anahitaji ufunguo wa spoki, kile kifaa kidogo cha duara chenye mikato ya saizi mbalimbali. Koleo halifai, kwa sababu hula pembe za ile nati ndogo na kuiacha duara isiyoshikika. Ukitazama kutoka upande wa tairi kuelekea habu, nati hukazwa kwa kuzungushwa kama mishale ya saa. Mafundi wanafunzi huchanganyikiwa hapa, kwa kuwa aliyesimama upande wa habu huiona ikizunguka kinyume. Kama rimu imehamia kushoto, spoki za kulia za sehemu hiyo hukazwa na za kushoto hulegezwa, robo mzunguko kwa robo mzunguko, na gurudumu huzungushwa na kutazamwa tena kila baada ya hatua. Anayekaza mzunguko mzima kwa mara moja huondoa kosa moja na kuzaa mawili.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi

Wanaoagiza bidhaa huwa wepesi wa kusema "ongeza mbili tu." Anayejua uzito ni mwenye baiskeli, na hata yeye mara nyingi hajawahi kuupiga hesabu. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Mtungi wa plastiki wa lita 20 basi ni kilo 20, na mitungi minne ni kilo 80, uzito wa mtu mzima aliyeshiba. Ongeza mwendeshaji wa kilo 70, na baiskeli yenyewe. Gurudumu la nyuma linabeba sehemu kubwa ya yote hayo.

Baiskeli ya kazi inaweza kubeba mengi, lakini si kila baiskeli ni ya kazi. Baiskeli za Buffalo, zilizobuniwa na shirika la World Bicycle Relief kwa barabara mbovu za Afrika, zina keria iliyokusudiwa kubeba hadi kilo 100, na spoki zake ni nene kuliko za kawaida. Baiskeli nyepesi za magurudumu ya inchi 26, zinazouzwa mitumba zikiwa na gia nyingi na rangi za kupendeza, zilitengenezewa mtu mmoja asiye na mzigo. Habu yao ya nyuma ina giya kadhaa upande mmoja, hivyo spoki za upande huo husimama karibu wima na hukazwa sana, na ndizo za kwanza kukatika. Kuifungia baiskeli kama hiyo keria ya chuma na kuitia magunia mawili ya makaa ni kuivunja kwa mkono wako mwenyewe. Anayenunua baiskeli kwa ajili ya biashara ahesabu spoki za nyuma kabla ya kuuliza bei.

Namna mzigo unavyofungwa nayo ina uzito wake. Mzigo uliorundikwa juu sana huyumba, na kila ukiyumba huisukuma rimu kwa ubavu, upande ambao gurudumu ni dhaifu zaidi. Mzigo mmoja ukigawanywa na kuning'inizwa pande mbili za keria, chini na kwa usawa, huumiza gurudumu kidogo kuliko uliosimamishwa juu. Kamba za mpira zilizokatwa kwenye tyubu kuukuu hufunga vizuri kuliko kamba ya nailoni, kwa sababu mzigo haupati nafasi ya kurukaruka. Lakini ncha yake isiachwe ikining'inia. Kamba ikinaswa na gurudumu huzing'oa spoki kwa mkupuo mmoja.

Abiria anayerukia keria baiskeli ikiwa mwendoni hufanya jambo lile lile ambalo shimo hufanya. Tangu enzi za baiskeli za kwanza za bodaboda mpakani Busia, abiria mzuri amekuwa yule anayekaa kwanza, ndipo safari ianze.

Upepo kwanza

Tairi lenye upepo wa kutosha ndilo kinga ya kwanza ya rimu. Shimo linapokuja, upepo ndio unaopokea pigo. Ukiwa haba, tairi hubanwa hadi rimu inagonga ukingo wa lami moja kwa moja, na tyubu hukatwa mara mbili kwa mpigo mmoja, matundu mawili yaliyokaribiana kama alama ya meno ya nyoka. Fundi akiona matundu ya namna hiyo hana haja ya kutafuta mwiba. Huyu aliendesha na upepo mdogo.

Kiwango cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi, kwa kawaida kwa kipimo cha PSI, na mara nyingi nambari ni mbili, ya chini na ya juu. Mwenye mzigo mzito akaribie ile ya juu bila kuipita. Pasipo kipimo, tairi la nyuma libonyezwe kwa kidole gumba kwa nguvu: likiingia ndani kwa urahisi, halijajaa. Tyubu hupoteza upepo kidogo kidogo hata bila pancha, kwa hiyo pampu ya mkono nyumbani si anasa.

Mashimo, reli na maji ya mvua

Masika yanapoanza, madimbwi ya barabara za ndani za Changamwe hufanana yote. Lenye kina cha kidole na lenye kina cha goti yana rangi moja. Mwendeshaji mzoefu huyapita pembeni, na kama hakuna pembeni, hushuka.

Shimo lisiloepukika lina adabu yake. Breki zikamatwe kabla ya kulifikia, si ndani yake. Gurudumu lililofungwa na breki huligonga ukingo badala ya kulipanda. Kisha breki ziachwe, mwendeshaji ainuke kitini, asimame juu ya pedeli zikiwa sawa, na magoti na viwiko vilegee. Uzito wa mwili ukiwa juu ya miguu, baiskeli huweza kupanda na kushuka chini yake. Ukiwa juu ya kiti, pigo lote huteremka hadi kwenye spoki za nyuma.

Reli huvukwa kwa kuikata wima. Anayeivuka kwa mshazari huiachia gurudumu liingie kwenye mwanya kando ya chuma, na hapo mwendeshaji huenda mbele huku baiskeli ikibaki nyuma. Rimu iliyonaswa hivyo hujikunja kama chapati. Ukingo wa lami uliomeguka nao ni hatari ya namna hiyo hiyo. Mtu akilazimika kushuka kwenye mchanga kukwepa lori, asijaribu kurudi juu ya lami kwa kuparaza ukingo. Asimame kwanza, au aukate kwa pembe pana.

Chumvi

Changamwe imezungukwa na maji ya bahari karibu pande zote, hori ya Port Reitz upande mmoja na hori ya Tudor upande wa pili. Anayevuka Makupa kila siku, sasa juu ya daraja lililofunguliwa mwaka 2022, hupulizwa na upepo wenye chumvi asubuhi na jioni. Chumvi hunyonya unyevu wa hewa na kuushikilia kwenye chuma, ndiyo maana baiskeli ya Mombasa huota kutu upesi kuliko ya bara.

Kutu mbaya kwa spoki haionekani katikati ya waya. Iko ndani ya ile nati ndogo kwenye rimu, ambamo hugandamana na mizingo hadi spoki haiwezi tena kukazwa, na iko kwenye tundu la habu, ambako hula chuma palepale kinapochoka zaidi. Baiskeli iliyopita kwenye maji ya bahari au matope ioshwe kwa maji baridi ya bomba na kukaushwa siku hiyo hiyo. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila nati, na kitambaa chenye mafuta kidogo kikapitishwa juu ya spoki, hutosha kwa mwezi mmoja. Mafuta yasiguse sehemu ya rimu inayokamatwa na breki. Kwenye baiskeli za kizamani za breki za vyuma, mpira wa breki hukamata upande wa ndani wa rimu, karibu kabisa na nati za spoki, kwa hiyo huko mkono uwe mwepesi na rimu ifutwe vizuri baadaye. Gurudumu linalong'aa na halisimami halina faida.

Miguu ya watoto na pindo za nguo

Si kila spoki huvunjwa na barabara. Mtoto aliyepakiwa kwenye keria bila mahali pa kuweka miguu huichosha, huiachia ining'inie, na kisigino huingia kati ya spoki na fremu gurudumu likiwa kasi. Spoki chache hukatika. Mguu wa mtoto huchunwa ngozi, na wakati mwingine mfupa huvunjika. Jeraha hili linajulikana vyema kwa madaktari wa watoto kila mahali ambapo baiskeli hupakia watu, na huchukua wiki nyingi kupona kwa sababu nyama ya kisigino huwa imesagwa. Mtoto akijeruhiwa hivyo, gurudumu lisirudishwe nyuma kwa nguvu ili kuutoa mguu. Baiskeli izuiwe isisogee, spoki zikatwe au zifunguliwe, mguu utolewe taratibu, na mtoto afikishwe hospitalini hata kama hakuna damu nyingi.

Kinga ni rahisi na fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kuitengeneza: vijiti viwili vya kukanyagia, kimoja kila upande wa ekseli ya nyuma, na wavu au kipande cha plastiki ngumu kinachofunika nusu ya juu ya gurudumu. Kinga hiyo hiyo huzuia pindo la buibui, leso au kanzu lisivutwe ndani. Abiria anayekaa upande akusanye nguo zake mapajani kabla ya baiskeli kuondoka.

Kwa fundi

Spoki mpya lazima iwe na urefu na unene wa ile iliyotoka. Njia ya uhakika ni kwenda na vipande vyote viwili vilivyokatika, vikapimwa pamoja dukani. Spoki ndefu mno hutokeza ndani ya rimu na kuitoboa tyubu. Fupi mno hushika mizingo michache tu ya nati na huchomoka siku ya mzigo. Kabla tairi halijarudishwa, utepe unaofunika vichwa vya nati ndani ya rimu uangaliwe. Kama haupo, kipande cha tyubu kuukuu kilichokatwa kwa upana wa kidole kinafaa.

Gurudumu lililosukwa upya hujipanga lenyewe katika siku za kwanza, na spoki hulegea kidogo. Lirudishwe kwa fundi baada ya wiki moja au mbili likazwe tena. Wengi hawarudi, kisha hulaumu kazi ya fundi. Na kama spoki za gurudumu moja zimekatika mara tatu nne ndani ya miezi michache, zilizobaki nazo zimechoka kwa umri ule ule. Kubadilisha seti nzima huwa nafuu kuliko kuzifuata moja moja.

Shimo ni la nani?

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, barabara za kaunti na taa za barabarani ni jukumu la serikali ya kaunti. Barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi iko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu (KeNHA), na baadhi ya barabara kubwa za mjini ziko chini ya Mamlaka ya Barabara za Mijini (KURA). Mkazi hahitaji kujua mipaka hiyo kabla ya kupiga ripoti. Shimo, kifuniko cha mtaro kilichotoweka au ukingo uliomeguka unaweza kuripotiwa kwa ofisi ya msimamizi wa wadi, iwe Port Reitz, Kipevu, Airport, Changamwe au Chaani, kulingana na mahali lilipo. Ripoti inayoshughulikiwa haraka ni ile inayotaja jina la barabara, jengo au kituo cha matatu kilicho karibu, upande wa barabara ambao shimo liko, na ukubwa wake kwa hatua za miguu. Picha iliyopigwa mchana, kukiwa na kitu cha kulinganishia kama tairi la baiskeli kando ya shimo, humwokoa mkaguzi safari moja.